Swali Huulizwa Kabla ya Tingatinga: Ardhi, Bahari na Wajibu wa Wasimamizi wa Miradi Pwani



Nimeombwa kuzungumza juu ya miradi ya ardhi katika pwani yetu na wajibu wa wanaoisimamia kwa mazingira. Hoja yangu ni moja, na ninaitaja mapema ili kila mmoja aipime kadiri ninavyoendelea. Wajibu kwa mazingira ni suala la wakati. Swali linaloulizwa kabla ya tingatinga kuingia linaweza kuubadilisha mradi, kuusogeza au hata kuuzuia. Swali lile lile likiulizwa baada ya kazi kuanza, kinachobaki ni kuhesabu hasara na kugombania fidia. Nitakaa sana Lamu, kwa sababu Lamu imeyaona yote mawili katika muda usiofika miaka kumi.

Ardhi ya pwani haiishii ufukweni

Ramani ya mpimaji ina mwisho. Huweka mawe ya mipaka, huandika ekari, na upande wa bahari husimama pale maji makuu yanapofika. Msimamizi wa mradi hupewa ramani hiyo na kuambiwa kwamba hilo ndilo eneo lake la kazi. Kosa la kwanza huanzia hapo, kwa sababu kazi inayofanyika nchi kavu hushuka majini hata kama hakuna aliyekusudia.

Kichaka kikifyekwa juu, mvua ya masika huuchukua udongo uliobaki wazi na kuushusha hadi kwenye mikoko na kwenye maji ya kina kifupi. Tope hilo hutua juu ya nyasi bahari na juu ya matumbawe. Vyote viwili vinahitaji mwanga wa jua ili viishi, na tope huvinyima mwanga huo. Nyasi bahari zikifa, tafi hukosa malisho, changu wachanga hukosa maficho, na nguva na kasa huhama au hupotea. Mvuvi wa madema anayeshuka pwani asubuhi na kurudi na chombo kitupu hana njia ya kujua kwamba chanzo chake ni shamba lililosafishwa mbali na macho yake. Msimamizi wa mradi analo jukumu la kulijua hilo kwa niaba yake.

Tazameni pia mikoko. Lamu peke yake ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Watu wengi huiona kama msitu mmoja wa kijani kibichi, lakini wakataji wa boriti wanajua kwamba kila mti una mahali pake. Mlilana husimama mbele, upande wa bahari. Mkoko hufuata penye tope jingi na vijito. Mkandaa hupenda sehemu za ndani ambako maji hufika kwa nadra zaidi, na mchu huvumilia chumvi kali kiasi cha kuota hata pale ambapo miti mingine imeshindwa. Kwa hiyo mwekezaji akisema atakata hekta kadhaa hapa na kupanda idadi ile ile kwingineko, aulizwe mara moja: atapanda mti gani, penye maji ya kiwango gani, na nani ataitunza miche hiyo baada ya picha kupigwa? Miche ya mkoko ikipandwa mahali pa mlilana huzamishwa na maji kabla haijashika, na mwaka unaofuata hapana msitu wala fedha zilizotumika.

Halafu kuna maji yaliyo chini ya miguu yetu. Mji wa Lamu kwa miaka mingi umekunywa maji yanayohifadhiwa na matuta ya mchanga ya Shela. Mvua hunyesha juu ya mchanga, hupenya polepole, na maji matamu hukaa juu ya maji ya chumvi kwa kuwa ni mepesi zaidi. Tabaka hilo ni jembamba. Ukijenga juu ya mchanga na kuufunika kwa saruji, mvua haipenyi tena. Ukiuchota mchanga kwa ajili ya ujenzi, unaondoa chujio na ghala kwa pamoja. Ukichimba visima virefu na kuvuta maji kwa pampu mchana na usiku kwa ajili ya bwawa la kuogelea, chumvi hupanda kutoka chini na kuingia kisimani, na visima vya majirani huharibika pamoja na chako. Kisima kilichoingiwa na chumvi huchukua miaka mingi kurudi katika hali yake, na vingine havirudi kabisa. Hakuna hati ya kumiliki kiwanja inayompa mtu haki ya kuharibu maji ya mji mzima.

Bandari: swali lililochelewa

Tarehe 2 Machi 2012, Rais Mwai Kibaki, Rais Salva Kiir wa Sudan Kusini na Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia walikutana Lamu kuzindua mradi wa LAPSSET, unaounganisha bandari mpya, barabara, reli na bomba la mafuta. Mpango wa bandari ulikuwa wa gati 32. Ni mradi mkubwa, na sababu za kiuchumi za kuutaka zilikuwepo. Nchi mbili jirani zisizo na bahari zilihitaji mlango, na Kenya ya kaskazini ilikuwa imesahaulika tangu uhuru.

Lakini habari za mradi zilitangulia mradi wenyewe. Ardhi ambayo jamii zilikuwa zikiitumia kwa kilimo, malisho na misitu bila hatimiliki ilianza kugeuka mali ya watu wa mbali. Mnamo Julai 2014 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufutwa kwa hati za ekari 500,000 za Lamu zilizokuwa zimepewa kampuni 22. Takwimu hizo zinatufundisha jambo zito: uharibifu wa kwanza wa mradi mkubwa hufanyika katika ofisi za ardhi, kabla hata shimo moja halijachimbwa. Anayetaka kuanza kwa haki lazima ahakikishe kwamba haki za ardhi za wenyeji zimeandikwa na kulindwa kabla ya tangazo la mradi. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 imetoa njia ya kufanya hivyo, na bado jamii nyingi za pwani hazijasajili ardhi zao.

Kisha ikaja kazi ya baharini. Ili meli kubwa ziingie, sakafu ya bahari katika eneo la Manda ilichimbuliwa na mikondo ikaongezwa kina. Wavuvi wa Lamu wengi hutumia vyombo vidogo vya tanga au vya mashine ndogo. Msimu wa kusi bahari kuu huwa na mawimbi makubwa, na wao hutegemea maji ya ndani yaliyokingwa na visiwa na miamba. Maji hayo hayo ndiyo yaliyochimbwa, yakatiwa tope na kufungwa kwa ajili ya usalama wa meli. Kumwambia mtu mwenye dau aende kuvua bahari kuu wakati wa kusi ni kumtuma akafe.

Wakazi wa Lamu walikuwa wamekwenda mahakamani mwaka ule ule wa 2012. Hukumu ya Mahakama Kuu ilitolewa tarehe 30 Aprili 2018. Majaji waliona kwamba tathmini ya kimkakati ya mazingira haikufanywa kwa wakati wake, kwamba wananchi hawakupewa taarifa na kushirikishwa inavyotakiwa, na kwamba haki zao za mazingira safi na za utamaduni zilivunjwa. Wavuvi wapatao 4,600 waliamriwa walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76.

Ninaiheshimu sana hukumu hiyo. Imesimama upande wa watu wadogo dhidi ya mradi wa mataifa matatu. Lakini tuitazame tarehe yake. Miaka sita ilikuwa imepita tangu uzinduzi, na kazi ya kuichimba bahari ilikuwa imekwisha kuanza. Gati la kwanza lilifunguliwa tarehe 20 Mei 2021, wakati wavuvi wangali wakisubiri fedha zao. Mahakama ilikuwa na uwezo wa kuamuru malipo, lakini haikuwa na uwezo wa kurudisha matumbawe na mazalio ya samaki mahali pake. Maji yakimwagika hayazoleki. Ndiyo maana ninasema kwamba hukumu nzuri iliyokuja kazi ikiwa imekwisha kuanza ni ushahidi wa kushindwa kwa usimamizi.

Makaa ya mawe: swali lililowahi

Kesi ya pili ilihusu mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliokusudiwa kujengwa Kwasasi, upande wa bara wa Lamu, si mbali na mji wa kale ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Septemba 2016 Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, ilitoa leseni. Muungano wa wenyeji, Save Lamu, pamoja na wakazi wengine, ukakata rufaa mbele ya Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira.

Tarehe 26 Juni 2019 mahakama hiyo iliifuta leseni. Sababu yake inastahili kusomwa na kila msimamizi wa mradi katika nchi hii. Mikutano na wananchi ilikuwa imefanyika, ndiyo. Lakini ilifanyika kabla utafiti wa athari haujakamilika, kwa hiyo watu walielezwa habari za jumla kuhusu mradi bila kuelezwa moshi utakwenda wapi, majivu yatatupwa wapi, na maji ya moto yatafanya nini baharini. Utafiti ulipokamilika, wananchi hawakurudiwa ipasavyo na kusikilizwa juu ya matokeo yake. Mahakama ilisema pia kwamba athari za mabadiliko ya tabianchi hazikuzingatiwa inavyotakiwa na Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2016.

Hapa mtambo ulikuwa haujajengwa. Hapakuwa na samaki wa kulipiwa wala mapafu ya watoto ya kutibiwa. Mahakama ilikuwa na kitu cha kuokoa, na ikakiokoa. Tofauti kati ya kesi hizi mbili haiko katika ujasiri wa wananchi, kwa sababu wote walikuwa majasiri. Imo katika saa ambayo swali lilipata jibu.

Nawaomba wataalamu wenzangu tusijifiche nyuma ya karatasi za mahudhurio. Kuita watu chini ya mwembe, kuwapa soda na mkate, kuwasainisha na kuondoka hakuitwi kuwashirikisha. Kuwashirikisha ni kuwapelekea matokeo ya utafiti kwa Kiswahili wanachokisema, kuwaachia muda wa kuyajadili wenyewe misikitini, makanisani na kwenye madiko, na kurudi kusikiliza mkiwa tayari kubadili mchoro.

Delta ya Tana: mpango kabla ya mradi

Kuna njia ya tatu, nayo ni bora kuliko mahakama. Delta ya Mto Tana ilikuwa imegombaniwa kwa miaka na wawekezaji wa mashamba makubwa ya miwa, wakulima wa Kipokomo na wafugaji wa Kiorma na Kiwardei. Mwaka 2012 delta hiyo iliwekwa katika orodha ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar. Katika kesi iliyofunguliwa na wakazi, Mahakama Kuu iliamuru Februari 2013 kwamba uandaliwe mpango wa matumizi ya ardhi kwa kuwashirikisha watu wa huko.

Mpango huo ulitoka mwaka 2015. Umeonyesha wapi palimwe, wapi mifugo inywe maji na ipite njia gani, wapi mto uachwe ufurike, na wapi pahifadhiwe. Haujitekelezi wenyewe, na unahitaji fedha na uongozi wa kaunti kila mwaka. Hata hivyo umebadilisha mazungumzo. Mwekezaji anayefika huko leo anakuta tayari kuna jibu la umma kuhusu kipande anachokitaka, na mfugaji anakuta njia ya ng'ombe wake imechorwa katika waraka wa serikali. Kila kaunti ya pwani yetu ingekuwa na mpango wa aina hiyo, kesi nyingi zisingezaliwa.

Jirani zetu wa Tanzania wametuonyesha kanuni nyingine ya kuwahi. Kifungu cha 57 cha Sheria yao ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, iwe baharini, kwenye ziwa au kando ya mto. Ni rahisi kuielewa, fundi na mwenye hoteli wanaweza kuipima kwa kamba, na inawaachia mikoko na mchanga nafasi ya kusogea bahari inapopanda.

Msimamizi wa mradi afanye nini

Ndugu zangu, niwageukie sasa wale ambao kesho wataripoti kazini na kuvaa helmeti.

Jambo la kwanza ni kuipima hali ilivyo kabla ya kazi. Pima kina cha maji, uwazi wa maji, chumvi ya visima vya majirani, idadi na aina ya mikoko, na samaki wanaoshushwa kwenye diko katika msimu wa kusi na wa kaskazi. Kipimo cha wiki moja hakitoshi, maana bahari ya bamvua na bahari ya maji mafu ni bahari mbili tofauti. Bila kipimo cha mwanzo, mvuvi hataweza kuthibitisha hasara yake, na mradi hautaweza kuthibitisha kwamba haukuhusika. Kipimo hicho kinawalinda wote wawili.

Jambo la pili ni kuifuata kalenda ya wenyeji. Usifyeke ardhi kabla ya masika. Usichimbue bahari wakati samaki wanataga. Wavuvi wanazijua nyakati hizo, na kuwauliza hakugharimu hata senti moja. Waajiriwe kuwa wasimamizi wa uwazi wa maji wakati wa kazi, wawe na mamlaka ya kusimamisha mashine maji yakichafuka kupita kiwango kilichokubaliwa.

Jambo la tatu ni kutenga fedha za kufunga mradi siku ya kuufungua. Tazameni Bamburi. Kiwanda cha saruji kilianza mwaka 1954, na kuchimba mawe ya matumbawe ya kale kukaacha bonde jeupe lisilo na udongo wala kivuli. Mwaka 1971 René Haller alianza kulirudishia uhai. Alijaribu aina 26 za miti, na tatu tu ndizo zilizoshika. Mvinje uliongoza, na jongoo walioletwa waliyala majani yake makavu na kuyageuza udongo. Leo pale ni msitu unaotembelewa na watoto wa shule. Kazi hiyo ilichukua miaka mingi na ilihitaji mtu aliyelipwa kuifanya kila siku. Mradi usio na fedha za namna hiyo tangu mwanzo unawaachia wajukuu shimo.

Jambo la nne ni kuyaandika makubaliano na kuyatangaza. Ahadi za ajira, zahanati na barabara zinazotolewa kwa mdomo husahaulika mkandarasi wa kwanza anapoondoka. Ziwekwe kwenye mkataba wenye tarehe, na nakala ibandikwe ofisi ya chifu na msikitini.

Kwa wanaosema tunazuia maendeleo

Najua wapo vijana humu wanaojiuliza: mzee huyu ana kazi, sisi je? Swali lao ni la haki, na umaskini wa pwani si hadithi. Februari 2018 serikali iliposimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, wakataji wa mikoko wa Lamu ndio waliolala njaa, ingawa walikuwa wakikata kwa vibali na kwa ujuzi wa vizazi. Kwa hiyo sisemi kwamba kila kitu kipigwe marufuku. Marufuku iliyoletwa bila kuwauliza wenyeji ni sawa na mradi ulioletwa bila kuwauliza.

Ninachosema ni kwamba mazingira hai nayo ni ajira. Katika ghuba ya Gazi, Kwale, wanakijiji wa Gazi na Makongeni wameitunza mikoko chini ya mradi wa Mikoko Pamoja tangu mwaka 2013. Hekta 117 za mikoko zinauza hewa ya ukaa, na mapato yameleta maji ya bomba na kusaidia shule. Ni eneo dogo, wala halitoshi kuwaajiri vijana wa pwani nzima. Lakini limethibitisha kwamba msitu uliosimama una bei, na bei hiyo lazima iingie katika hesabu za kila mradi unaotaka kuukata.

Wito wangu

Kwa NEMA na kaunti zote sita za pwani: msitoe leseni kwa ripoti ambayo wananchi hawajaiona ikiwa imekamilika. Mahakama imekwisha kutoa mwongozo, na anayeupuuza anaipotezea nchi muda na fedha.

Kwa wasimamizi, wahandisi na wapimaji: taaluma yenu inawapa haki ya kukataa. Mkandarasi anayewataka muanze kazi kabla ya tathmini anawataka mvunje sheria kwa majina yenu. Mkataeni kwa maandishi.

Kwa wananchi: someni Katiba ya 2010. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Kifungu cha 70 kinamruhusu yeyote kwenda mahakamani kuyatetea bila kulazimika kuthibitisha kwamba yeye binafsi amepata hasara. Anayepinga leseni ya mazingira ana siku 60 za kukata rufaa tangu uamuzi utolewe. Siku hizo ni chache. Undeni kamati sasa, kabla mradi haujaja. Sajilini ardhi ya jamii sasa. Andikeni majina ya madiko, visima, makaburi na mazalio ya samaki kwenye ramani yenu wenyewe sasa, ili siku mgeni atakapofika na ramani yake, nanyi mweke yenu mezani.

Pwani hii itajengwa, tupende tusipende. Tuhakikishe kwamba kila anayekuja kuijenga anatukuta tumekwisha kujipanga, na maswali yetu yako tayari.